Pwani ni ya Nani? Maneno Pwani, Ufuo na Bichi kwa Mgeni wa Malaba Katika Fuo za Hoteli za Mombasa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua maneno ambayo msemaji wa Kiswahili kutoka Malaba, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda, hukutana nayo anapozuru fuo tulivu za mji wa Mombasa zilizopangana na hoteli, hususan Nyali na Shanzu. Yanaonyesha kwamba neno pwani, kwa asili yake, linataja ardhi ileile ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua kuwa ya umma, yaani ardhi iliyo baina ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa. Maana hiyo imefifia katika matumizi ya bara, na nafasi yake imechukuliwa na neno bichi, ambalo kwa mtu wa Malaba lina maana tatu zisizopatana. Hoja kuu ni kwamba mtu asiyekuwa na neno la kuitaja haki yake ya kufika baharini huikosa haki hiyo hata pale ambapo sheria imempa. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kuhusu istilahi na mabango.

Maneno muhimu: pwani, ufuo, bichi, mahali, ardhi ya umma, Malaba, Mombasa

1.0 Utangulizi

Malaba ni mji mmoja ulio chini ya serikali mbili. Sehemu yake ya mashariki iko Teso Kaskazini katika Kaunti ya Busia nchini Kenya, na sehemu ya magharibi iko katika Wilaya ya Tororo nchini Uganda. Baina ya sehemu hizo unapita Mto Malaba. Kiteso husikika pande zote mbili. Upande wa Kenya huongezeka lahaja za Kiluhya, na upande wa Tororo huongezeka Kidhopadhola. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wakazi hao na madereva, mawakala wa forodha, wabadilishaji fedha na wachuuzi wanaopita au kukaa hapo.

Mji huu uko umbali wa takriban kilomita 900 kutoka Mombasa kwa barabara, lakini riziki yake hutoka baharini. Shehena inayoteremshwa katika bandari ya Mombasa ikielekea Kampala, Kigali au mashariki mwa Kongo hupita hapa kwa malori, na reli nayo huvuka mpaka papa hapa kuelekea Tororo. Mtoto wa Malaba hulijua jina la Mombasa kabla hajaiona bahari, kwa kuwa huliona kila siku kwenye ubavu wa kontena.

Hata hivyo, mtu huyohuyo anapoifikia bahari yenyewe, hujikuta mgeni wa lugha. Chukulia familia moja inayosafiri kutoka Malaba kwenda Mombasa wakati wa likizo ya Desemba. Mwenyeji wao anawashauri waepuke msongamano wa Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, waende Nyali kwenye utulivu. Wanaingia ufuoni kwa kichochoro, wanatembea mchangani mbele ya hoteli, kisha mama mzazi anaketi kivulini kupumzika. Askari wa hoteli anamjia kwa adabu: “Shikamoo, mama. Samahani, hapa ni pa wageni wa hoteli.” Naye anajibu: “Marahaba, mwanangu. Tusamehe, hatukujua.” Familia inainuka, inarudi kwa njia iliyojia, na siku yao ya baharini inaishia hapo.

Hakuna aliyekosa adabu katika mazungumzo hayo. Pengine askari alikuwa na haki, na pengine hakuwa nayo. Jibu linategemea neno moja tu: “hapa” ni wapi? Je, ni kivuli cha mti ulio ndani ya bustani ya hoteli, au ni mchanga wote ulio mbele yake? Mama hakuuliza, kwa sababu hakuwa na maneno ya kuulizia. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maneno hayo.

2.0 Fuo za Nyali na Shanzu

Mji wa kale wa Mombasa uko kisiwani. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko bara, kaskazini mwa kisiwa hicho, zikifuatana hadi Mkono wa Mtwapa. Jirani na Nyali ya leo ndipo Shirika la Kimishenari la Kanisa la Uingereza lilipoanzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru ya Frere Town mnamo 1875. Baadaye eneo la Nyali lilikuwa shamba la katani. Daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931 liliiunganisha Nyali na kisiwa. Daraja la kudumu linalotumika hivi sasa lilikamilika mwaka 1980. Hoteli ya Nyali Beach ilifunguliwa mwaka 1946, na katika miongo ya 1960 na 1970, utalii wa watu kutoka Ulaya ulipokua, hoteli ziliendelea kujengwa kuelekea kaskazini.

Historia hiyo iliacha mpangilio wa ardhi unaoonekana hadi leo. Viwanja vya hoteli na vya makazi vimekatwa kwa mistari inayotoka barabarani hadi baharini. Anayepita barabarani huona ukuta na lango. Nyuma ya lango kuna bustani, bwawa la kuogelea na ngazi. Baada ya ngazi ndipo mchanga unapoanza. Asiyekuwa mgeni wa hoteli hufika mchangani kwa vichochoro vilivyo baina ya kiwanja kimoja na kingine. Utulivu wa fuo hizi, unaozifanya zisifiwe, unatokana kwa kiasi kikubwa na uchache wa vichochoro hivyo pamoja na ukweli kwamba wengi hawavijui. Bamburi penye ufuo wa umma hujaa watu siku za Idd, Pasaka na Krismasi. Hatua chache kutoka hapo, mbele ya hoteli, mchanga huwa mtupu.

Kwa hiyo kuna tofauti kati ya ufuo uliotulia kwa sababu uko mbali na watu, na ufuo uliotulia kwa sababu watu hawana hakika kama wanaruhusiwa kuwapo. Katika hali ya pili, lugha ni mojawapo ya mambo yanayoleta utulivu huo.

3.0 Pwani, Ufuo na Ufuko

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya mahali ambapo bahari hukutana na nchi kavu. Lililo kongwe kimaana ni pwani. Umbo lake linaundwa na kitenzi -pwa, yaani maji ya bahari kupungua na kuacha mchanga au miamba wazi, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kwa asili, pwani ni mahali panapopwa: mahali ambapo maji hufunika na kufunua. Maji yakijaa, pwani huwa chini ya bahari. Yakipwa, huwa nchi kavu. Msemo wa kale usemao maji yakijaa hupwa hujengwa juu ya maarifa hayohayo.

Maana hiyo ilipanuka kwa hatua mbili. Kwanza, neno lilihama kutoka ukanda wa kujaa na kupwa hadi nchi nzima iliyo karibu na bahari, likawa kinyume cha bara. Pili, liliingia katika utawala. Kenya ilikuwa na Mkoa wa Pwani hadi mfumo wa kaunti ulipoanza kazi mwaka 2013, na Tanzania inao Mkoa wa Pwani mpaka leo. Sarufi huifuata tofauti hii. Msemaji anapotaja mahali husema pwani pametulia au pwani kumetulia, kwa upatanisho wa mahali. Anapotaja eneo la nchi husema Pwani imeendelea, kwa upatanisho wa nomino ya kawaida.

Huko Malaba, maana ya pili ndiyo inayojulikana. Mtu aliyekwenda Pwani ni mtu aliyesafiri mbali, akafika Mombasa, Kwale au Kilifi. Ukimwambia kwamba pwani ni mchanga uliolowa anaoukanyaga, atashangaa. Katika matumizi yake neno limekua likawa eneo zima la nchi, na kwa kukua huko limepoteza ukanda mwembamba lililozaliwa nao.

Neno ufuo, ambalo wingi wake ni fuo, ndilo linalotumika zaidi katika vyombo vya habari vya Kenya kwa maana ya mahali pa mchanga kando ya maji. Tanzania hupendelea ufuko au ufukwe. Umbo ufukwe laelekea kuwa limetokana na ufukweni, yaani ufuko pamoja na kiambishi cha mahali, ambacho hatimaye kiliondolewa na kuacha shina jipya. Maneno haya hutaja sura ya mahali: mchanga, mteremko, ukingo. Hayasemi lolote kuhusu kujaa na kupwa. Ufuo waweza kuwa wa ziwa au wa mto, lakini pwani, kwa maana yake ya asili, yahitaji bahari inayopanda na kushuka.

Tofauti hii inaweza kuonekana ndogo, lakini sehemu ya tano itaonyesha kwamba mpaka wa haki umechorwa juu yake.

4.0 Bichi Katika Kiswahili cha Malaba

Neno ambalo familia ya Malaba ingelitumia bila kufikiri ni bichi. Ni mkopo kutoka Kiingereza, na mji wa mpaka hauna sababu ya kuona haya kwa kukopa. Boda boda, neno ambalo Afrika Mashariki nzima inalitumia kwa baiskeli na pikipiki za abiria, lilitokana na wito wa waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu baina ya vituo viwili vya mpaka wa Busia, jirani wa Malaba. Mkopo hauna kosa kwa kuwa mkopo. Tatizo la bichi ni kwamba limekopwa mara tatu, kwa maana tatu, na zote tatu hukutana Malaba.

Maana ya kwanza ni ya ziwani. Kusini mwa Malaba, katika kaunti hiyohiyo ya Busia, ziko Sio Port na Port Victoria kwenye Ziwa Viktoria. Huko bichi ni mahali ambapo mitumbwi hutia nanga, samaki hupimwa na kuuzwa, na nyavu hushonwa. Bichi ina kamati, ina wanachama na ina kanuni. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 ziliweka rasmi vikundi vya usimamizi wa bichi katika sekta ya uvuvi. Tanzania huuita mwalo, na Zanzibar hulitumia neno diko. Kwa maana hii, bichi ni mahali pa kazi, na asiyekuwa na shughuli huko hutarajiwa kujitambulisha.

Maana ya pili ni ya upande wa Uganda. Kwa mtu wa Tororo aliyepata kutembelea Entebbe, bichi ni mahali pa starehe kando ya ziwa: pana ua, viti, muziki, na kwa kawaida kiingilio hulipwa langoni. Bichi kwa maana hii ni biashara ya mtu, na anayeingia bila kulipa amevunja utaratibu.

Maana ya tatu ni ya picha na matangazo: bichi ni hoteli. Minazi, mwavuli, kitanda cha kuotea jua na mhudumu mwenye sinia huonekana pamoja katika fremu moja na bahari, na mtazamaji wa mbali hujifunza kwamba vyote ni mali ya mwenye nyumba.

Maana zote tatu zina jambo moja zinaloshirikiana. Katika kila moja, bichi ina mwenyewe: kamati, mfanyabiashara au hoteli. Hakuna hata moja inayomwandaa mgeni kukutana na mchanga usiokuwa wa mtu binafsi. Ndiyo maana mama wa mfano wetu aliinuka mara moja. Tajiriba yake yote ya neno bichi ilimwambia kwamba askari hakosei.

Kuna tajiriba nyingine inayoelekea upande huohuo. Anayeishi mpakani hujifunza mapema kwamba mstari asioweza kuuona unaweza kuwa na nguvu ya sheria, na kwamba mwenye sare ndiye anayeujua ulipo. Mpaka wa Kenya na Uganda wenyewe ulisogezwa na watawala mwaka 1902, pale jimbo la mashariki la Uganda lilipohamishiwa Kenya ya leo, bila wakazi kuhama hatua moja. Mtu wa namna hiyo habishani na sare juu ya mstari.

5.0 Sheria Inaitaja Ardhi Ipi?

Ibara ya 62(1)(l) ya Katiba ya Kenya inaitaja ardhi yote iliyo baina ya vikomo vya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Ibara ya 62(3) inaiweka ardhi hiyo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa amana ya wananchi, chini ya usimamizi wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Ibara ya 62(1)(h) inazitaja barabara na njia za kupitia zilizowekwa kisheria kuwa ardhi ya umma vilevile.

Msomaji wa Kiswahili akiilinganisha ibara hiyo na maelezo ya sehemu ya tatu, ataona kwamba maneno ya kisheria yaliyotungwa kwa Kiingereza kwa urefu yana jina fupi katika Kiswahili. Ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ndiyo pwani. Katiba haikuubuni ukanda huo. Mabaharia na wavuvi walikwisha kuupa jina, na jina lenyewe limebeba mpaka wake ndani ya kitenzi.

Hili halimaanishi kwamba kila mahali penye mchanga ni pa umma. Kuna kanda tatu ambazo mgeni anapaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni kiwanja cha hoteli, ambacho huishia mahali hati yake inapoishia. Bustani, ngazi na kivuli cha mti vyaweza kuwa humo, na askari ana haki ya kumwondoa asiyealikwa. Ya pili ni pwani, ambayo hoteli haiimiliki. Ya tatu ni bahari yenyewe. Mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu kuna hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Anayepanda mashua kwenda kutazama matumbawe hifadhini hulipa ada, na ada hiyo ni halali. Mgeni asiyejua tofauti hizi aweza kudhani kwamba ada ya hifadhi ni kiingilio cha ufuo, au kinyume chake, kwamba kila anayedai fedha mchangani anamdai kwa niaba ya hifadhi.

Ni muhimu pia kutochanganya haki ya kupita na hatua za kulinda mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinaweka ukanda wa ulinzi wa mita 200 kwa maziwa makubwa. Vipimo hivyo vinahusu kile kisichopaswa kujengwa au kuharibiwa. Havimpi mtu ruhusa ya moja kwa moja ya kuketi hapo. Mgeni kutoka Tororo anayedhani kwamba kipimo cha nchi yake humfuata hadi Nyali atakosea, sawa na yule anayedhani kwamba kiingilio cha Entebbe hudaiwa kila mahali.

6.0 Hapa, Huku na Humu

Kiswahili kina nyenzo nyingine ambayo mjadala wa fuo haujaitumia ipasavyo: upatanisho wa mahali wa PA-, KU- na MU-. Hapa hutaja mahali mahususi panapoonekana. Huku hutaja upande au eneo lisilo na mipaka dhahiri. Humu hutaja ndani ya kitu chenye mipaka. Msemaji wa pwani huzitumia tofauti hizi bila kufundishwa. Msemaji wa Malaba, hasa ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu au ya nne, mara nyingi hutumia hapa na huku bila kuzitenga, na humu husikika kwa nadra.

Kauli ya askari, “hapa ni pa wageni wa hoteli”, ni sahihi kisarufi lakini haioneshi kikomo. Angesema “humu ni mwa hoteli”, msikilizaji angejua kwamba kuna ndani na kuna nje, na kwamba nje hakumo katika katazo. Vivyo hivyo, bango linalosema kwamba ufuo ni wa kibinafsi hutamka jambo ambalo sheria haiwezi kulithibitisha pale ambapo ufuo huo ni sehemu ya pwani. Bango linalosema kwamba uwanja wa hoteli unaanzia kwenye ngazi husema kweli, na humlinda mwenye hoteli vizuri zaidi, kwa maana linataja kile hasa alicho nacho.

Lugha inayotangulia katika hoteli kubwa za eneo hili ni Kiingereza, na kwa muda mrefu Kijerumani nacho kimekuwa lugha ya wageni wake wengi. Hiyo ni hali ya biashara inayoeleweka. Hata hivyo, bango lililoelekezwa baharini, linalosomwa na mpita njia wa mchangani, halisemi na mgeni aliyelipia chumba. Linasema na umma, na Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Suala la usalama linaongeza uzito. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kimo cha maji huzidi mita tatu. Maji yakipwa, mtu aweza kutembea mbali kuelekea kwenye mwamba. Yakianza kujaa, njia aliyojia hufunikwa. Pia zipo sehemu ambapo maji ya bamvua hufika kwenye ukuta wa hoteli, na aliyekuwa akitembea pwani hubaki bila mahali pa kukanyaga. Mtu wa Ziwa Viktoria hana tajiriba ya jambo hili, kwa kuwa ziwa halijai na kupwa kwa namna hiyo. Maneno bamvua na maji mafu, ambayo humwambia msikilizaji siku za hatari na siku za utulivu, hayamo katika msamiati wake. Onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma vizuri halimsaidii, na onyo lililoandikwa kwa Kiswahili bila maelezo ya maneno hayo litamsaidia nusu.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, istilahi. Inapendekezwa kwamba hati za mipango, mabango na vitabu vya kiada vitenge maneno haya: pwani ya umma kwa ardhi iliyo baina ya vikomo vya maji; ufuo kwa mahali pa mchanga kwa jumla, bila kudokeza umiliki; uwanja wa hoteli kwa ardhi yenye hati; njia ya pwani kwa kichochoro cha umma kinachotoka barabarani hadi baharini; na mwalo au diko kwa mahali pa kutia nanga vyombo vya uvuvi. Neno bichi libaki katika mazungumzo, lakini lisitumike katika hati inayotaja haki au mpaka. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ina nafasi ya kuyalinganisha matumizi ya Kenya, Tanzania na Uganda.

Pili, mabango. Serikali ya Kaunti ya Mombasa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zingeweza kuweka kwenye kila njia iliyothibitishwa maneno machache: Njia ya pwani. Ni ya umma. Mwishoni mwa njia hiyo, mahali inapokutana na mchanga, maneno mengine mawili matatu yangetosha: Huku ni pwani ya umma; uwanja wa hoteli unaanzia ukutani. Ubao wa nyakati za maji kujaa na kupwa, wenye siku za bamvua kwa Kiswahili chepesi, ungewekwa papo hapo.

Tatu, mafunzo ya walinzi. Askari wa hoteli na kijana anayefanya biashara mchangani ndio hutoa tafsiri ya sheria kila siku. Wakielezwa tofauti ya humu na huku, na mahali ambapo hati ya kiwanja inaishia, mabishano mengi yataepukwa bila mahakama.

Nne, elimu ya mpakani. Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika shule za Kenya tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Baraza lake la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa hatua hiyo Julai 2022. Watoto wawili wa Malaba wanaotenganishwa na daraja moja hufika Mombasa wakiwa na viwango tofauti vya lugha. Vitabu vinavyoandaliwa kwa ajili ya Uganda vingefaa kuwa na msamiati wa bahari pamoja na wa ziwa, kwa kuwa wananchi wa Jumuiya wanazidi kutembeleana.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi neno lililozaliwa mahali maji yanapokutana na nchi kavu lilivyopanuka hadi likaacha kuitaja ardhi iliyolizaa, na jinsi mkopo wenye maana tatu ulivyoijaza nafasi hiyo kwa dhana ya umiliki. Yameonyesha pia kwamba sheria na asili ya neno vinapatana: kile ambacho Katiba inakiweka kwa amana ya wananchi ndicho ambacho Waswahili wamekiita pwani.

Hoteli za Nyali na Shanzu hazitapoteza chochote kilicho chao iwapo mpaka wao utatajwa kwa usahihi. Atakayefaidika zaidi ni msafiri kama yule mama wa Malaba. Siku nyingine, askari akimwambia “hapa ni pa wageni wa hoteli”, ataweza kuinuka kutoka kivulini, kushuka hatua kumi hadi kwenye mchanga uliolowa, na kuuliza kwa adabu ileile: “Na huku pwani, mwanangu, si kwetu sote?”